Mguu uliopasuliwa haujapona mpaka uweze kuchuchumaa

Mtu akivunjika mguu katika bonde la Ruzizi, wakaaji wa huku wanajua la kufanya. Jamaa wanakutana jioni ile ile. Mmoja anauza mbuzi, mwingine anaomba zamu yake ya likelemba isogezwe mbele, kanisa linapitisha sahani ya sadaka, wamotari wa parking wanachanga. Kutoka Lubarika hadi Sange, nimeandika habari za ajali kwa miaka kadhaa na sijaona familia iliyokunja mikono. Operesheni ikiisha na mgonjwa akafungua macho, simu zinapigwa: "Amepona, Mungu asifiwe." Kisha kila mtu anarudi shambani kwake.

Maoni yangu ni kwamba siku ile ndiyo kazi inaanza. Kazi yenyewe inachukua miezi sita, mara nyingine mwaka, na miezi hiyo hakuna anayeichangia wala anayeipanga. Matokeo yake tunakutana nayo njiani kila siku: kijana ambaye goti halikunji tena, mama ambaye hawezi kuinama kupanda mihogo, baba ambaye chuma kilikatika ndani ya paja na hana pesa ya kurudi mezani kwa daktari. Watu hawa walipasuliwa vizuri. Walichokosa ni kile kinachofuata baada ya kupasuliwa.

Chuma kinashikilia, mwili ndio unaounga

Watu wengi wanaamini kwamba daktari akishaweka chuma, mguu umeshikana kama mlango uliochomelewa na fundi. Mwili haufanyi kazi hivyo. Chuma, kiwe ni ule mwiba mrefu unaopitishwa ndani ya mfupa, au bamba lenye skrubu, au vile vyuma vinavyobaki nje ya ngozi, kinashikilia tu vipande ili visicheze. Anayeunga mfupa ni mwili wenyewe. Damu iliyoganda pale palipovunjika inageuka polepole kuwa kitu laini, kisha baada ya wiki kadhaa kinakuwa kigumu, na mwili unaendelea kukiimarisha kwa mwaka mzima au zaidi. Kwa mtu mzima, mfupa wa paja au wa muundi unahitaji kwa kawaida miezi 3 hadi 6 ili ushikane. Ule uliotoboa ngozi na kuingiwa na vumbi la barabara unaweza kuchukua muda mrefu zaidi.

Katika miezi hiyo mfupa na chuma vinashindana. Mfupa ukiungana mapema, chuma kinapumzika. Ukichelewa, chuma kinabeba uzito wa mtu hatua kwa hatua, na chuma kinachokunjwa kidogo kidogo kila siku mwishoni hukatika, kama waya unaoukunja na kuukunjua mkononi. Ndiyo maana anayerudi kubeba mfuko wa mahindi katika mwezi wa pili kwa sababu "maumivu yameisha" anacheza na pesa zote zilizochangwa. Maumivu yanaisha kabla mfupa haujashikana. Anayeweza kusema kama umeshikana ni daktari, akiwa na picha ya radio mkononi.

Hatari ya pili inatoka upande mwingine: kulala sana. Huku kwetu mgonjwa anaheshimiwa kwa kulazwa. Mama mkwe anamwekea mto chini ya goti, watoto wanamletea maji, na akijaribu kusogea anaambiwa, "Tulia, usijiumize." Ni upendo, lakini unaharibu. Msuli wa paja usiotumika unakonda ndani ya wiki chache. Goti linalolazwa juu ya mto mchana kutwa linazoea kukaa limekunjwa kidogo na linakataa kunyooka. Goti lisilokunjwa kabisa nalo linakauka, na kulifungua baadaye ni maumivu makubwa kuliko yale ya mwanzo. Wengi wanaochechemea katika vijiji vyetu, mfupa wao uliungana. Goti ndilo lililopotea.

Kipimo ambacho hakihitaji mashine

Mwaka 1999 daktari mpasuaji wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika linaloitwa SIGN ili kutengeneza mwiba wa kuunga mifupa ambao unaweza kuwekwa hata pale ambapo chumba cha operesheni hakina mashine ya kuonyesha picha ya radio wakati daktari anafanya kazi. Mwiba huo umetumika katika hospitali nyingi za nchi maskini, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kule Dar es Salaam. Lakini madaktari walikutana na swali tunalolijua vizuri: mgonjwa akisharudi kijijini, mbali, bila pesa ya radio, utajuaje kama amepona?

Wakaanza kutumia kipimo rahisi. Mgonjwa anachuchumaa mpaka chini na anapigwa picha. Daktari anaangalia amefika chini kiasi gani, na uso wake ukoje. Akichuchumaa kikamilifu huku anatabasamu, kuna matumaini makubwa kwamba mfupa umeshikana. Akikwama katikati huku amekunja uso, arudi achunguzwe. Kipimo hicho kimefanyiwa utafiti pale MOI kwa wagonjwa waliovunjika paja. Picha ya simu inatosha.

Nakipenda kipimo hicho kwa sababu kinaongea lugha ya maisha yetu. Katika Lubarika mtu anachuchumaa chooni. Anachuchumaa kumenya mihogo, kuwasha makaa, kufua mtoni, kupalilia. Mtu anayetembea vizuri barabarani lakini hawezi kuchuchumaa bado ni mlemavu nyumbani kwake, na mara nyingi anaona haya kusema ni kwa sababu gani hanywi maji ya kutosha wala hali usiku: anaogopa choo. Kwa hiyo familia isiulize tu, "Umeanza kutembea?" Iulize pia, "Unaweza kuchuchumaa?" Lakini kipimo hiki ni cha mwisho wa safari, na kinafanywa kwa ruhusa ya daktari. Kumlazimisha mtu wa wiki ya tatu achuchumae ni kumvunja tena.

Mazoezi hayanunuliwi

Najua jibu litakalokuja: "Sisi ni maskini, kinezi tutamtoa wapi?" Kinezi, yaani fundi wa kurudisha viungo kazini, kweli ni adimu. Kivu Kusini ina kituo cha Heri Kwetu mjini Bukavu, na Goma kuna Shirika la Umoja. Vyote viwili vimesaidia walemavu kwa miaka mingi. Lakini kwa mtu wa Lubarika, Bukavu ni mbali hata siku ya amani. Na siku za amani hazijawa nyingi. Baada ya M23 kuingia Bukavu Februari 2025, mstari wa vita ulikaa kwa miezi kati ya Kamanyola na bonde letu, na Desemba mwaka huo vita vikashuka hadi Uvira. Mgonjwa aliyeambiwa "urudi baada ya wiki sita" angepita wapi?

Ndiyo sababu nasema elimu ya kinezi lazima ishuke hadi kijijini, kwa sababu sehemu kubwa yake haihitaji pesa. Kupandisha na kushusha vidole na kifundo cha mguu mara nyingi kwa siku, ili damu isilale miguuni. Kukaza msuli wa paja huku mguu umenyooka kitandani, kuhesabu hadi tano, kulegeza, kisha kurudia. Kutelezesha kisigino polepole juu ya mkeka ili goti likunjike, kila siku kidogo kuliko jana. Muuguzi anaweza kumfundisha mgonjwa na mke wake mambo haya kwa nusu saa, mradi daktari aliyepasua amesema yapi yanaruhusiwa na kuanzia lini.

Magongo, yale tunayoyaita mabekiye, yana elimu yake pia. Uzito unabebwa na viganja. Anayening'inia kwa kwapa anaumiza mishipa ya fahamu, na mkono unaweza kulegea. Fundi seremala wa kijiji anaweza kuyatengeneza kwa mti mwepesi, mradi ayapime kwa urefu wa mgonjwa na avalishe mpira wa tairi chini ili yasiteleze kwenye udongo wa mvua.

Chakula nacho kipo karibu. Mfupa unataka protini na kalisi. Ndagala wa Tanganyika, wanaoliwa mzima pamoja na mifupa yao, wana vyote viwili. Maharage, soya, yai na sombe vinasaidia. Sigara inachelewesha mfupa kuungana. Hilo limethibitishwa na madaktari mara nyingi. Kanyanga nayo inaangusha mtu mwenye magongo, na mguu ukianguka mara ya pili hakuna mchango utakaopatikana haraka.

Kuhusu wanaounga mifupa kienyeji

Hapa nitasema jambo ambalo halitawafurahisha wote. Wazee wanaounga mifupa wanaaminika kwa sababu wako karibu, wanaongea Kifuliiru na Kiswahili, hawamwachi mgonjwa peke yake, na wanakubali kulipwa kuku leo na franga kesho. Hospitali ingejifunza mengi kutoka kwa tabia hiyo. Lakini mguu uliowekewa chuma si wa kuvutwa, si wa kukandwa kwa nguvu, si wa kufungwa kwa vijiti na majani ya moto. Kuuvuta kunaweza kulegeza skrubu. Kuubana kunaweza kuzuia damu mpaka vidole vikafa. Majani juu ya kidonda yanaingiza uchafu mpaka kwenye mfupa. Uchafu ukiingia kwenye mfupa wenye chuma, dawa peke yake mara nyingi haiutoi. Mtu anapasuliwa upya.

Kuwatukana wazee hao hakutasaidia. Eneo la afya liwaite, liwaonyeshe picha za radio, liwafundishe dalili za hatari, na liwape kazi ya kumrudisha mgonjwa kituoni mapema. Dalili zenyewe kila nyumba inaweza kuzijua: homa, usaha au harufu kwenye kidonda, ndama ya mguu inayovimba na kuuma, pumzi inayokatika ghafla au maumivu ya kifua, vidole vinavyokufa ganzi, kuwa baridi au kubadilika rangi, mguu unaopinda pale ulipokuwa umenyooka. Yeyote mwenye moja kati ya hizi asisubiri siku ya soko ndipo apate lifti. Kukatika pumzi ghafla, hasa, ni jambo la saa, kwa sababu damu iliyoganda mguuni inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu.

Mambo manne ninayoyataka

La kwanza, karatasi ya kutoka hospitali iandikwe kwa Kiswahili. Leo wengi wanatoka na bili na karatasi ya Kifaransa ambayo hakuna anayeisoma nyumbani. Mistari mitano inatosha: ni chuma gani kimewekwa, lini mguu unaruhusiwa kukanyaga, na kwa uzito gani, mazoezi gani ya kila siku, tarehe ya kuonana na daktari na kupiga radio, dalili za hatari na namba ya kupiga. Jambo la kukanyaga lina uzito wa pekee, kwa sababu aliyewekewa mwiba na aliyewekewa bamba hawaanzi kukanyaga siku moja. Jirani yako akikuambia "mimi nilianza wiki ya pili", huo ulikuwa mguu wake.

La pili, kila hospitali kuu ya rufaa ya eneo letu, kuanzia Lemera kule milimani hadi Uvira, iwe na angalau kinezi mmoja, na kila kituo cha afya kiwe na muuguzi mmoja aliyefundishwa naye. Nasikia tayari: wauguzi wengi wenyewe hawapati mshahara wa Serikali, utaongezaje kinezi? Ni kweli, na ni aibu ya Serikali. Lakini operesheni ya pili inagharimu kuliko siku tatu za kumfundisha muuguzi, na kijana asiyeweza kulima ni gharama isiyoisha. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo huduma ya kurudisha viungo ingewasaidia, na Mei 2023 nchi wanachama zilipitisha azimio kwamba huduma hiyo iwe sehemu ya kawaida ya afya. Kongo ni mwanachama. Tuna haki ya kuuliza azimio hilo limefika wapi kwenye barabara ya kitaifa namba 5.

La tatu, pesa. Mpango wa Serikali wa kuzaa bila malipo, uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023, ni mzuri, lakini unamhusu mama na mtoto mchanga. Mguu wa motari haumo. Sheria ya nchi inalazimisha asiransi kwa vyombo vya moto tangu 1973. Muulize motari yeyote wa bonde ni lini aliona asiransi ikilipa magongo. Mpaka hapo patakaponyooka, mituweli za afya na vyama vya wamotari vinaweza kuanza na kidogo: jozi kumi za magongo za kuazima, zinazorudishwa mgonjwa akipona, na mfuko wa nauli ya kurudi kwa daktari. Duniani kote barabara zinaua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na wanaojeruhiwa wanahesabiwa kati ya milioni 20 na 50. Kwa kila maiti tunayoizika kwa heshima kuna majeruhi wengi ambao hawana kamati yoyote.

La nne ni la familia. Tukichanga franga tatu, moja ibaki kwa ajili ya miezi inayofuata: nauli, radio, dawa, chakula, na mtu wa kulima shamba la mgonjwa msimu mmoja. Hilo la shamba ndilo linalosahaulika zaidi. Mwanaume anayeona magugu yamefunika mihogo yake hatasubiri ruhusa ya daktari. Atashika jembe akiwa na gongo moja, na chuma kitakatika. Mkitaka apone, limeni shamba lake. Na akiwa ni mama aliyevunjika, angalieni nani anabeba maji, kwa sababu mara nyingi anaachiwa kazi zote za nyumba wiki ile ile aliyotoka hospitali, eti kwa kuwa kazi za nyumbani ni nyepesi.

Kwa nini jambo hili ni la maisha na kifo

Kuna atakayesema kwamba nchi iliyo vitani ina mambo makubwa kuliko goti lisilokunjika. Mimi nasema vita ndivyo vinavyofanya goti liwe jambo kubwa. Tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera, ambako Daktari Denis Mukwege alifanya kazi kabla ya kuanzisha Panzi mjini Bukavu, ilishambuliwa. Zaidi ya watu 30 waliuawa, wengi wao wakiwa wagonjwa, baadhi wakiwa vitandani mwao. Wazee wa Lubarika na Luvungi hawahitaji kusimuliwa. Wanajua kwamba katika bonde hili mguu ni njia ya kutorokea. Risasi zikianza kusikika, au mto ukishuka na mawe usiku kama ilivyokuwa Uvira Aprili 2020, mtu mwenye miguu miwili mizima anachukua mtoto na kukimbia. Mwenye mguu ulioachwa nusu anabaki akingoja kubebwa, na anayembeba naye anachelewa.

Kumsaidia mtu huyo mpaka mwisho ni usalama wa kijiji kizima. Haihitaji tungoje Kinshasa, ingawa Kinshasa ina deni lake. Inahitaji daktari aandike kwa lugha ya mgonjwa, muuguzi afundishe kwa nusu saa, mzee anayeunga mifupa ajue mpaka wake, na jirani alime mistari kumi ya mihogo isiyo yake.

Mchango ujao wa operesheni ukipita mlangoni kwako, toa kama kawaida. Halafu muulize mwenye kushika daftari: pesa ya miezi sita inayofuata imeandikwa ukurasa gani? Kama ukurasa huo haupo, ufungueni siku hiyo hiyo.